Thredi Zikiliwa: Kufufua Tundu la Bolti kwenye Injini Ndogo

Kiangazi, vitunguu vikiwa shambani, pampu za Ruaha Mbuyuni hazilali. Huo ndio msimu ninaopokea injini ambazo ekzosi yake imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Mzee mmoja alishusha yake kwenye bodaboda, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Fundi, hii nati nikiikaza inazunguka tu. Haishiki." Nikaishika stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayopokea nati, kwa vidole viwili, nikaivuta. Ikatoka kama mche wa mchicha. Kwenye mzizi wake ilikuwa imevaa pete za aluminiamu, nyembamba, zinang'aa, zimejiviringa kama waya uliotolewa ndani ya redio. Hizo pete ndizo zilizokuwa thredi za silinda hedi yake.

Vitabuni huitwa hesi, gereji tunasema thredi. Ziliwapo, mafundi wengi wa vijijini huona mambo mawili tu: kununua hedi nyingine, au kupanua tundu na kuweka bolti kubwa zaidi. Njia ya kwanza ni ghali bila sababu. Ya pili naichukia, na nitasema kwa nini. Kazi inayostahili ni kuvalisha tundu nyuzi mpya za chuma, na mtu mwenye drili, subira na seti ya helikoili (koili ya waya wa chuma inayokaa tunduni na kuwa thredi mpya) anaweza kuifanya nyumbani mchana mmoja.

Mifano yangu mingi ni ya Honda GX160, injini ya sentimita za ujazo 163, na nakala zake za Kichina zinazojulikana kwa namba 168F. Ndizo zinazoendesha pampu, jenereta na mashine za kushindilia zege. Ukiwa na pikipiki, namna ya kufanya ni ileile. Kinachobadilika ni vipimo.

Kwa nini tundu hufa

Hedi na kasha la injini hizi ni aluminiamu. Bolti ni chuma. Vikishindana, kinachokubali kushindwa ni aluminiamu, siku zote. Mtu anakaza "kidogo tena" ili oili isivuje, anahisi spana inakuwa ngumu, halafu ghafla inakuwa laini. Ule ulaini ndio sauti ya thredi zinazokatika. Ukiuhisi, acha hapohapo; kuendelea kuzungusha ni kusaga kilichobaki.

Muuaji wa pili ni bolti isiyo ya pale. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeshaona injini nyingi zimeharibiwa hivi na wenye nazo hawajui. Bolti ya kumwagia oili kwenye GX160 ni M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye hatua ya 1.25, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Bolti ya M10 utakayouziwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni ya hatua ya 1.5. Kwa macho zinafanana. Zinaingia mizunguko miwili kwa vidole, ya tatu inakataa, mtu anachukua spana. Amekwisha. Kabla ya kuingiza bolti yoyote ngeni, ilaze ubavuni mwa ile ya asili, meno kwa meno, uinue kwenye mwanga. Meno yakiingiliana bila mwanga kupita, ni moja. Au pima: hatua 10 za 1.25 ni milimita 12.5, hatua 10 za 1.5 ni milimita 15. Rula ya shule inatosha.

Wa tatu ni kulegea. Nati ya ekzosi ikilegea, chombo kizima kinatikisika mwezi mzima na stadi inachezacheza ndani ya tundu mpaka inalitafuna. Mzee wa vitunguu alikuwa na tatizo hili. Nati moja ilianguka Juni, akaendelea kumwagilia na moja iliyobaki.

Kabla ya kutoboa chochote

Kwanza jua tundu limeumia kiasi gani. Lioshe kwa petroli kidogo na mswaki mkuukuu, lipulize, ulimulike kwa tochi. Vaa miwani unapopuliza; vumbi la aluminiamu machoni si la kujaribu.

Ukiona thredi zipo ila zimelala upande au zimejaa kutu na gundi ya zamani, tundu hilo halihitaji koili. Linahitaji kusafishwa. Chukua bolti nzima ya saizi ileile, uikate mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kutoka ncha kwenda juu, upige tupa makali yaliyojitokeza, upake oili, uiingize kwa vidole na kuirudisha, kuiingiza na kuirudisha. Mifereji inabeba uchafu nje. Tepu, kifaa cha kukatia thredi, ikiwa mpya yenye makali ni hatari hapa: haisafishi tu, inakata, na thredi zilizokuwa na nyama ya kutosha zinabaki nyembamba.

Ukiona thredi za juu zimeliwa lakini za chini ni nzima, pima kina. Ingiza njiti ya kiberiti mpaka igote, weka alama kwa ukucha, toa, pima. Fanya hivyo hivyo kwa sehemu ya bolti inayoingia tunduni. Mara nyingi kiwanda kimeacha tundu refu kuliko bolti kwa milimita 5 au zaidi, na huko chini kuna thredi ambazo hazijawahi kuguswa. Bolti ndefu kidogo inamaliza kesi bila drili. Ila hakikisha haigoti mwisho wa tundu kabla haijabana kitu kinachofungwa; ikigota utadhani umekaza kumbe umekaza hewa.

Ni pale tundu linapokuwa laini kama koo la chupa, au linapovuliwa thredi zote kama la mzee, ndipo tunapofika kwenye koili.

Bolti ikiwa imekatikia ndani

Hii ni kazi nyingine kabla ya kazi. Kama kipande kimejitokeza hata milimita 3, weka nati juu yake na umwombe fundi wa kuchomelea aijaze nati kwa ndani. Joto la kuchomelea lenyewe linasaidia, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara 2 ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo tundu linafunguka kuliko bolti inavyovimba. Subiri wekundu uondoke, tia mafuta ya kulainisha, tikisa mbele na nyuma. Usivute kwa nguvu upande mmoja.

Kama kimekatikia chini ya uso, weka alama katikati kabisa kwa panchi na utoboe kwa biti ndogo kwanza, milimita 3, halafu upanue polepole. Ukipasha moto hedi, kumbuka aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Chuma hukuonya, hii haionyi. Tone la maji likichemka na kuruka juu yake, joto limetosha.

Vifaa

Seti ya helikoili ya saizi yako ina vitu vitano: biti, tepu maalumu, koili kadhaa, kishikio cha kuingizia, na panchi ndogo ya kuvunjia ulimi. Dar es Salaam utazipata maduka ya vifaa vya mafundi ya Kariakoo na Gerezani. Mikoani wenye maduka ya spea za pikipiki huagiza. Angalia jambo moja kabla hujalipa: hatua iliyoandikwa kwenye boksi. Seti ya M10×1.5 haitakusaidia kwenye tundu la M10×1.25.

Tepu ya helikoili si tepu ya kawaida, hata kama imeandikwa M8. Inakata thredi pana zaidi, karibu milimita 9.6 kwa nje, ili koili ikikaa ndani yake tundu lirudi kuwa M8. Ukitumia tepu ya kawaida ya M8 koili haitaingia, na ukiilazimisha utalia.

Biti nazo zina hesabu yake. Kwa tepu ya kawaida, toa hatua kwenye kipenyo: M8 toa 1.25, unapata 6.75, basi biti ni ya 6.8. M6 yenye hatua ya 1 ni biti ya 5. Kwa tepu ya koili biti inazidi saizi ya bolti kidogo tu:

M6×1.0: biti ya 6.3
M8×1.25: biti ya 8.3 (seti nyingine huja na 8.4)
M10×1.25: biti ya 10.3
M12×1.5: biti ya 12.4

Mengine ni ya kawaida: drili, jiriwa, kishikio cha tepu, mafuta ya taa, grisi, utepe wa umeme, kona ya seremala ndogo, na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kazi yenyewe: tundu la stadi ya ekzosi, M8

Vua hedi. Najua unatamani kutoboa ikiwa juu ya injini. Kwenye GX160 hedi inashikwa na bolti 4 tu. Ukishatoa ekzosi, kabureta na kifuniko cha valvu, ni dakika chache. Mwaga petroli yote kwanza, uweke tanki mbali, maana drili ya umeme inatoa cheche. Fito za kusukuma valvu zikitoka, zifunge kwa utepe na uandike ipi ni ya wapi. Hedi ikiwa mkononi, unaweza kuibana jiriwani ukiwa umeweka mbao pande zote mbili, na tundu likaangalia juu wima. Hiyo peke yake ni nusu ya ushindi.

Ziba mlango wa moshi kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili vumbi lisiingie kwenye valvu.

Sasa kutoboa. Fikiria kidogo kabla hujaogopa: thredi za asili za M8 zilifika milimita 8 kwa nje. Biti yako ni 8.3. Unachoondoa ni milimita 0.15 kila upande, nywele mbili tatu tu. Kwa hiyo biti haitobolei tundu jipya, inafuata lililopo, na ukiiacha iongozwe na lile la zamani itakwenda sawa. Makosa huja pale mkono unapolazimisha. Zungushia utepe wa umeme kwenye biti kuonyesha kina ulichopima kwa njiti, na usipite hapo. Nyuma ya ukuta kunaweza kuwa na njia ya moshi au ya hewa, na ukitoboa huko umeanzisha tatizo jipya.

Drili iende taratibu. Aluminiamu ina tabia ya kung'ata biti unapopanua tundu: ghafla inajivuta ndani yenyewe na kukuzungusha kiwiko. Shika kwa mikono miwili, tia mafuta ya taa, rudisha kila milimita chache utoe vumbi. Mtu wa pili asimame pembeni na kona ya seremala akuambie kama umeinama kushoto au kulia. Wewe uliyeshika drili huoni mwinamo wako mwenyewe. Ukiwa na drili ya kusimama, tumia hiyo, na usione haya kwenda kuiomba kwa fundi seremala wa jirani.

Mwinamo naujua kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilitobolea hedi ya mteja ikiwa juu ya injini, nimepiga magoti kwenye mchanga. Koili ilikaa vizuri, stadi ikashika vizuri, nikajipongeza. Wakati wa kurudisha ekzosi, tundu la flanji (bamba la ekzosi linalofungwa kwenye hedi) halikulingana na stadi: ilikuwa imelala kama mnazi wa pwani. Digrii chache tu kwenye tundu, lakini kwenye ncha ya stadi ni milimita nzima na zaidi. Nilinunua hedi kwa pesa yangu.

Kukata thredi

Hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko popote.

Chovya tepu kwenye mafuta ya taa. Ni kilainishi kizuri cha kukatia aluminiamu, kuliko oili ya injini ambayo inashika vumbi na kuwa uji. Isimamishe tunduni kwa vidole, bila kishikio, uizungushe mpaka ing'ate. Weka kona ya seremala upande mmoja, halafu pinda robo duara uweke tena. Ikiwa imeinama, bado unaweza kuirekebisha sasa. Ikishaingia mizunguko mitatu, imeshaamua njia yake.

Kama huamini jicho lako, chukua kipande kinene cha mninga, kitoboe wima kwa drili ya kusimama tundu la kupitisha tepu kwa kubana, kiweke juu ya uso wa hedi kama mwongozo. Mbao ngumu inashikilia tepu isiyumbe. Nilijifunza kwa mzee mmoja fundi wa mashine za kushona, na sijaona njia rahisi zaidi.

Kisha mdundo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Ule wa nyuma unakata uzi wa aluminiamu ulioanza kujikunja. Utausikia ukikatika kwa mlio mdogo, "tik". Usiposikia "tik" na tepu inazidi kuwa ngumu, itoe yote, ioshe, pulizia tundu, anza tena. Tepu ni chuma kigumu mno na kwa hiyo kinavunjika kama kioo. Ikivunjikia ndani, biti yako ya kawaida haitaigusa. Nikiwa nayo mkononi huwa nazungumza na mteja kwa kuitikia tu.

Tundu likiwa halitoki upande wa pili, kumbuka ncha ya tepu ni nyembamba, haikati kamili. Koili ya kawaida ya M8 ina urefu wa milimita 12, mara moja na nusu ya kipenyo. Ili ikae yote, tundu lazima lizidi hapo kwa milimita chache. Kama halizidi, kata koili au tafuta ya urefu wa milimita 8. Fupi iliyokaa vizuri ni bora kuliko ndefu inayochungulia nje.

Ukimaliza, osha tundu kwa petroli, lipulize, lifute, lioshe tena. Chembe moja iliyobaki itaisimamisha koili katikati.

Kuingiza koili

Koili ni waya wa chuma kisichoshika kutu, uliokunjwa kama springi, na umbo la waya wenyewe likikatwa ni la almasi: upande mmoja unakuwa thredi ya nje, mwingine ya ndani. Ikiwa huru ni nene kidogo kuliko tundu. Ikiingia inabanwa, na kule kujitanua ndiko kunakoishikilia. Haihitaji gundi.

Ivalishe kwenye kishikio, ulimi wake ukiwa chini na umeingia kwenye mfereji. Iguse mdomoni mwa tundu na uzungushe. Usisukume. Ukisukuma, inaruka jino moja na kukaa mguu ndani mguu nje. Itoe, tupa, chukua nyingine, kwa kuwa iliyovutwa haina tena umbo lake. Inatakiwa iingie kama bolti iliyolainishwa, kwa nguvu za vidole viwili.

Simamisha pale mkia wa juu wa koili unapokuwa chini ya uso kwa robo hadi nusu mzunguko. Ikibaki sawasawa na uso au juu yake, flanji itaikanyaga na kuisukuma ndani siku ya kukaza. Pitisha ukucha juu ya tundu: usikwaruze kitu.

Halafu vunja ulimi. Weka panchi juu yake, pigo moja kavu la nyundo ndogo. Utakatika na kuanguka chini. Utoe. Wengi huchukua sumaku na kushangaa haishiki: ni chuma kisichoshika kutu, sumaku mara nyingi haikitaki. Paka grisi kwenye ncha ya waya wa baiskeli na uunase. Kwenye tundu lisilotoka upande wa pili ulimi ukibaki, stadi itaukanyaga. Kwenye tundu la oili, ulimi uliopotelea ndani utafika kwenye krenki. Mimi huweka kila ulimi niliouvunja kwenye kifuniko cha soda mezani, na sifungi injini kabla hesabu haijatimia.

Matundu mengine na mambo yake

Bolti ya oili. Huwezi kuitoa kasha nzima kwa tundu moja, kwa hiyo kazi inafanyika mahali pake, injini ikiwa imelazwa upande ili tundu liangalie juu au pembeni. Jaza mifereji ya tepu na grisi nzito, itanasa vumbi jingi. Lililobaki linaondolewa kwa kumimina nusu lita ya dizeli kwa juu na kuiacha itoke na kila kitu, mara mbili. Kisha oili mpya, kama lita 0.6, endesha dakika kumi bila mzigo, mwaga tena. Oili hiyo utaona ina chembe za fedha. Ya pili isiwe nazo. Na usisahau washa ya bolti. Mara nyingi kilichomfanya mtu akaze hadi akaua thredi ni washa iliyokwisha, wala si bolti.

Tundu la plagi, M14×1.25, linafuata njia ileile ila biti na tepu ni nene zaidi na hakuna nafasi ya kukosea, kwa kuwa vumbi linaanguka juu ya pistoni. Vua hedi. Kwa plagi napendelea bushi nzima (mrija mfupi wenye thredi nje na ndani) yenye ukingo kuliko koili, kwani koili nyepesi wakati mwingine hutoka pamoja na plagi siku inapobadilishwa.

Bushi ya kukereza ndiyo dawa pia pale tundu limepanuliwa na fundi mwingine kupita saizi ya koili. Nenda kwa fundi wa lethi; mikoani ukiuliza kwenye mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO hukosi mmoja. Mwambie: nje M12×1.5, ndani M8×1.25, chuma. Tobolea kwa biti ya 10.5, kata thredi, kaza bushi kwa gundi ya bolti, isipokuwa kwenye ekzosi, ambako gundi za kawaida huachia joto likizidi nyuzi 150 hivi. Pale tia doti mbili za panchi kwenye ukingo ziishike.

Sasa ile bolti kubwa zaidi. Ukipanua M8 kuwa M10, umekula nyama ya hedi ambayo haina nyama nyingi. Flanji ya ekzosi nayo lazima itobolewe upya. Na thredi zako mpya ni aluminiamu vilevile, zinazosubiri mkono mzito unaofuata. Nikipokea hedi iliyofanyiwa hivyo mara mbili, nafasi ya kuitibu imekwisha. Ndiyo sababu ya chuki yangu.

Kuna pia gundi ya chuma ya mirija miwili, unayojaza tundu na kuingiza bolti iliyopakwa grisi. Kwa kifuniko cha plastiki cha feni, sawa, sitakusema. Kwa hedi, ekzosi au oili, hapana. Uzi wa kushonea, njiti na utepe mweupe wa mabomba hata havistahili sentensi.

Kufunga bila kuua tena

Stadi iingie kwenye koili kwa vidole mpaka igote, kisha uirudishe robo mzunguko. Kinachobana ekzosi ni nati. Weka gasketi mpya. Kabla ya kuweka bolti kwenye tundu lisilotoka upande wa pili, hakikisha hakuna oili wala maji chini. Kimiminika hakibanwi, na bolti inayoshuka juu yake inakuwa pampu inayoweza kupasua kasha. Nimeona ufa wa namna hiyo, umeanzia tunduni na kwenda kama mizizi.

Bolti za hedi za GX160 hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 24, kwa kupishana pembe kwa pembe, raundi mbili au tatu. Bolti za M6 za vifuniko ni karibu 10 tu. Huna spana ya kupimia nguvu? Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti kwenye mpini wa spana, funga kamba hapo, nasa ndoano ya mizani, uvute kwa pembe mraba na mpini. Mizani ikisoma kilo 12, umefika karibu 24. Kwa M6, sentimita 10 na kilo 10. Mara ya kwanza utashangaa jinsi kilo 12 zilivyo kidogo ukilinganisha na ulivyozoea kukaza.

Washa injini, iache ifike joto la kazi, dakika kumi na tano hivi. Ukiona moshi mweusi ukichora mstari kwenye gasketi ya ekzosi, bado inavuja. Zima, iache ipoe kabisa mpaka ushike hedi kwa mkono mtupu, kisha weka spana kwenye kila nati mara moja tena, kwa mizani. Ya mzee ilipokea robo mzunguko, ikasimama. Aliipakia kwenye bodaboda jioni ileile, ule waya wa nondo akauchukua, akasema atafungia banda la kuku.